Mbwa amekula chokoleti: usisubiri aanze kutetemeka

Dada, umesema mbwa wako wa kilo 8 kala chokoleti nyeusi ya gramu 100, yote, saa moja iliyopita, na bado anacheza. Kucheza huko kusikudanganye. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 12: kutapika, kiu, kuhangaika, moyo kwenda mbio, kisha degedege.

Kinachomdhuru ni theobromini iliyomo kwenye kakao. Mwili wetu huiondoa upesi; wa mbwa huchukua kama saa 17 kuipunguza nusu tu. Chokoleti nyeusi ina takriban miligramu 5 kwa kila gramu, kwa hiyo wako kameza kama 500, yaani zaidi ya 60 kwa kila kilo ya mwili wake. Hapo degedege inawezekana kabisa. Ingekuwa ya maziwa ningepumua kidogo.

Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, umpeleke pamoja na karatasi ya chokoleti. Akiwahi atatapishwa kwa dawa, pengine apewe na mkaa wa hospitali, ule wa dawa unaonasa sumu tumboni. Chumvi usimnyweshe ili atapike, hata jirani akisisitiza. Nayo ni sumu kwake. Maziwa hayasaidii kitu.