Gari lile si langu, mpwa

Marahaba, mpwa wangu. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa juu ya ngazi. Unasema kuna dalali anataka milioni nne akulete huku kwenye "kazi ya kuosha magari ya kitalii", na uko tayari kuuza pampu yako ya pale Barabara ya 14 kwa sababu "mjomba naye alianzia kwenye ndoo na sasa ana nyumba juu ya gari". Maneno hayo ya mwisho yameninyima usingizi.

Lile gari la kwenye picha si langu. Ile pikapu nyeupe, na kile kijumba kilichokaa mgongoni mwake, ni mali ya mzee mmoja wa Kanada anayekuja huku Arizona, Marekani, kila Novemba kukimbia theluji. Nilikuwa nimemaliza kukiosha, nikaegemea mlango nivute pumzi, akanipiga picha ampelekee mkewe aone kinavyong'aa. Akanirushia na mimi. Nami nikaituma Tanga bila kuandika neno. Bibi yako akaanza kusema barazani kwamba mwanawe ana nyumba mbili, moja imesimama na moja inatembea. Nikanyamaza. Niseme kweli, nilipenda kusikia hivyo. Hata hiyo iliyosimama ni chumba cha kupanga huku Mesa, na choo tunachangia watu watatu.

Sasa kazi yenyewe, maana wewe ni muoshaji mwenzangu na utanielewa upesi kuliko shemeji zangu. Hivi vijumba huitwa kempa. Kinapandishwa kwenye bodi ya pikapu, ndani kuna kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la gesi, sinki, na choo cha kukaa ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Mimi namfuata mteja alipo, na gari langu bovu, tangi la maji la lita 400, jenereta na pampu. Naanzia juu. Paa la nyingi ni la mpira mweupe, karibu futi 11 kutoka chini, na unalifanyia kazi kwa magoti. Dawa yenye mafuta ya petroli haiguswi pale, mpira unavimba. Paa likichakaa linatoa unga mweupe kama chokaa, mvua ikinyesha unashuka na vumbi na kuacha michirizi myeusi ubavuni. Hiyo michirizi ndiyo inayomfanya mteja anipigie simu. Ukiimaliza unakuja kwenye faibaglasi iliyopaushwa na jua: unaisugua kwa mashine, unapaka nta, unafuta, unarudia, mpaka bega linakataa kupanda.

Na hapo wewe na pampu yako ungeumia siku ya kwanza. Wewe unapiga presha popote. Mimi mwezi wa kwanza nilielekeza pua ya pampu kwenye kiungo cha dirisha, maji yakapita nyuma ya ukuta, mbao ikalowa. Bosi niliyekuwa naye wakati ule alinikata mshahara wiki tatu. Tangu hapo viungo naviosha kwa kitambaa, taratibu, kama namwogesha mtoto.

Pale kwako maji ya sabuni yanajiendea mtaroni, nani atakuuliza. Huku mtaro wa mvua unamwaga mtoni bila kusafishwa, na wana sheria ya maji ya mwaka 1972 inayokataza uchafu kupelekwa huko. Kwa hiyo natandika turubai chini ya gari, nayavuta maji machafu kwa mashine na kuyarudisha kwenye tangi la pili. Naosha gari, halafu naosha maji niliyooshea gari. Cheka tu.

Panya. Kempa ikifungwa kiangazi kizima wanahamia ndani. Mavi yao usiyafagie makavu: kuna panya wa porini wa kwetu huku wanaobeba kirusi kinachoua mapafu, mwaka 1993 kiliua watu pale Arizona inapopakana na New Mexico. Unanyunyizia dawa, unasubiri yalowe, ndiyo unafuta, na barakoa usoni. (Nimesema "wa kwetu huku". Umeona nilivyoharibika.)

Halafu choo, ambacho kwenye ile picha hakionekani. Mteja anatakiwa amwage tangi la kinyesi mwenyewe kabla sijafika. Yule mzee mwaka wa kwanza alilisahau tangu Aprili. Ukumbuke huku ni jangwani. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 na zaidi. Fikiria kilichopikika mle. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa ndani ya kile kichumba, glavu mpaka kwenye kiwiko, na yeye akaja na sahani ya mkate na nyama ya bata mzinga. Mtu mwema kabisa. Akaiweka kwenye kidato cha mlango, pembeni ya viatu vyangu, akasema kwa upole nisiingie nyumbani kwake na nguo zile, nikimaliza nile pale pale. Na alikuwa na haki, nilikuwa nanuka. Nikala. Mwalimu wa hesabu wa sekondari, miaka tisa ubaoni, nikala nikiwa nimekaa chini baina ya gurudumu na ndoo. Akanipa bakshishi ya dola 40. Jioni ile ile nikazituma. Zilikuwa mchele na nyama ya Idd ya bibi yako. Akaniombea dua kwenye simu, Mungu aibariki kampuni yangu ya magari.

Sikumwambia. Wewe umekuwa wa kwanza.

Najua umeshapiga hesabu. Natoza dola 25 kwa futi, kempa ya futi kumi ni 250, kwenu ni laki sita na ushei. Kwa siku moja! Toa mafuta ya gari na ya jenereta, sabuni, nta, bima. Serikali inachukua asilimia 15.3 kwa sababu nimejiajiri, hapo kodi ya mapato bado. Toa kodi ya chumba. Na zaidi ya yote, wazee hawa wanakuja Novemba, ikifika Aprili wanaondoka kama korongo. Kiangazi nafagia ofisi usiku. Ninyi mnakumbuka kunipigia lini? Julai, shule zikifunguliwa. Julai iliyopita mama yako aliomba bati, nikatuma. Zile bati nimezikopa kwenye kadi, mpwa, bado nazilipa na riba, na nyumba ilishavuja upande wa pili. Usimwambie.

Dalali usimpe hata mia. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya grin kadi, kile kibali cha kuishi Marekani, hakuna mtu aliyenishika mkono uwanja wa ndege, na hakuna bosi huku anayeagiza muoshaji kutoka Ngamiani. Milioni nne nunua pampu ya pili. Usije.

Lakini leseni ya udereva kata, na Kiingereza cha simu kifanyie mazoezi, maana njia halali ikifunguka sitaki uniambie nilikukatisha tamaa. Bega langu haliwezi miaka mingine mitano na gari langu lina nafasi ya mtu wa pili. Ningekulaza chumbani kwangu. Ungelia wiki ya kwanza, ya pili ungekuwa unanicheka ninavyoshika brashi. Hapana, kaa. Mama yako atabaki na nani?

Ukibaki, jifunze kupaka nta. Kuna watu Raskazone wana magari mazuri yanapaushwa na chumvi ya bahari na hakuna anayewafuata nyumbani kwao kuyang'arisha. Ndoo, jenereta ndogo ya kuazima, mashine moja ya kusugulia. Hiyo mashine nitakutumia mimi, si pesa. Pesa utaila, nakujua.

Nipigie picha mdomo wa mpira wa pampu yako, pale inapofungwa pua, nione kipimo chake. Jumatatu napita dukani. Na bibi akikuuliza mjomba kasema nini, mwambie kasema gari lipo, limeenda Kanada.