Insha ya Holden haikutoka nje ya mada

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni sawa kuwapa wanafunzi wa sekondari riwaya ambazo mhusika mkuu ni kijana aliyeichoka dunia, asiyemwamini mtu mzima yeyote, na ambaye mwishoni hashindi chochote. Nafundisha Kiswahili na Kiingereza kidato cha tatu na cha nne. Jibu langu ni ndiyo, wapewe, na wapewe mapema. Ila naona wanaokataa na wanaokubali mara nyingi wanawasoma vijana hawa kwa jicho moja. Wote wanawaona watukutu. Tofauti ni kwamba huyu anauchukia utukutu na yule anaushangilia.

Nianze na anayetajwa kuliko wote. Holden Caulfield ana miaka 16 katika The Catcher in the Rye, riwaya ya J. D. Salinger iliyotoka Marekani mwaka 1951. Amefukuzwa shule ya bweni huko Pennsylvania baada ya kufeli masomo manne kati ya matano. Hataki kufika nyumbani kabla wazazi hawajapata barua ya shule, kwa hiyo anazurura jijini New York siku chache kabla ya Krismasi. Anavuta sigara, anaagiza pombe, anadanganya hovyo, na karibu kila anayekutana naye humwona mnafiki. Shule nyingi za huko ziliyaona hayo tu. Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Tulsa, Oklahoma, alifukuzwa kazi kwa kuwapa wanafunzi wake kitabu hicho, ingawa baadaye alirudishwa.

Sasa tusome polepole sehemu moja ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu. Stradlater, anayelala naye chumba kimoja bwenini, anatoka na msichana jioni hiyo na anamwomba Holden amwandikie insha ya Kiingereza. Iwe ya maelezo tu, anasema, kuhusu chumba au nyumba, chochote. Holden hapati chumba cha kuelezea. Anaandika kuhusu glavu ya besiboli ya mdogo wake Allie. Allie alikuwa amenakili mashairi kwenye glavu hiyo kwa wino wa kijani, kwenye vidole na mfukoni na kila mahali, ili awe na kitu cha kusoma uwanjani wakati hakuna mchezaji wa kupiga mpira. Holden bado anaitunza kwenye begi lake. Allie alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1946, akiwa na miaka 11.

Stradlater anarudi usiku, anasoma, anakasirika. Aliambiwa chumba au nyumba, hii glavu inahusu nini? Holden anamnyang'anya karatasi na kuichanachana.

Mimi nasahihisha insha karibu kila wiki, na maneno "nje ya mada" nayajua vizuri. Tunayaandika kwa kalamu nyekundu pembeni, tunakata alama, tunachukua daftari linalofuata. Hatufanyi hivyo kwa ukatili. Madaftari ni mengi na mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Lakini hapo Salinger ametuonyesha kijana ambaye kwa mara ya kwanza katika hadithi amesema lililo kweli moyoni mwake, tena ameliandika vizuri, na jibu alilopata ni kwamba hakufuata maelekezo. Baada ya hapo sishangai akiona kila mtu ni mnafiki. Ningeshangaa asingeona hivyo.

Usiku ule Allie alipofariki, Holden alilala gereji na kuvunja vioo vyote vya madirisha kwa ngumi. Alikuwa na miaka 13. Mkono ule hadi anaposimulia unamuuma mvua ikinyesha, na hawezi kuukunja ngumi sawasawa. Mazishi hakuyaona, maana alikuwa bado hospitali. Wazazi wakafikiria kumpeleka kwa mtaalamu wa akili. Humo kitabuni hakuna mahali tunapomwona amekaa na baba au mama wakizungumza habari za Allie. Kuna usiku anaingia nyumbani kwao kwa kunyata ili amwone mdogo wake wa kike, Phoebe. Mama anaingia chumbani, Holden anajibanza kabatini, na mama anazungumza na Phoebe, anatoka, mwanawe akiwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Naye mzee Spencer, mwalimu wa historia ambaye Holden amekwenda kumuaga kwa heshima zote, anamsomea kwa sauti jibu lake baya la mtihani kuhusu Wamisri wa kale. Spencer si mtu mbaya. Anampenda kijana huyu na anamtakia mema. Alichonacho mkononi cha kumfikia ni karatasi ya mtihani basi.

Kwetu hali si tofauti. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni. Sababu ilikuwa mambo ya mapenzi na jinsi Rosa anavyoharibikiwa. Ni kweli yamo. Lakini Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria, mlevi wa Namagondo, Ukerewe, na kabla hajaharibikiwa kuna barua ya mvulana iliyomponza akapigwa na baba yake bila huruma. Anakua akiwaogopa wavulana, na watu wanaiona hofu hiyo kama adabu. Anapokwenda kusoma mbali na jicho la Zakaria, hana kingine alichofundishwa. Waliokipinga kitabu walisoma ya mbele wakayaruka ya Namagondo, na Kezilahabi aliyatanguliza kwa makusudi.

Najua vitabu tunavyovipenda zaidi darasani ni vya kijana anayeteseka kisha akafanikiwa. Siku Njema ya Ken Walibora ni mfano mzuri. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anampoteza mama na kufunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Nakipenda kitabu hicho na nitaendelea kukifundisha. Ila mwanafunzi ambaye safari yake haijafika Kitale, na pengine haitafika, akipewa vya namna hiyo peke yake ataona vitabu havimhusu.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kirahisi. Mzazi mmoja aliniuliza kikaoni: Rosa anajiua, mnataka watoto wetu wajifunze hilo? Ana haki ya kuuliza. Mimi simpi mwanafunzi Rosa Mistika akaimalizie likizo peke yake. Sura za mwisho tunazisoma darasani, nikiwepo, vipindi viwili mfululizo bila haraka, na sizitolei maswali ya mtihani siku hiyo. Nimeona wanafunzi wakimjadili Rosa kwa uhuru ambao hawana wanapoulizwa habari zao. Wanagombana: nani angemsaidia, na lini, kwenye ukurasa gani. Wasichana hasa huenda moja kwa moja kwa mama, Regina, wakitaka kujua angeweza kufanya nini katika nyumba ile. Hapo ndipo mwalimu anaposikia mengine, kama ana masikio.

Phoebe ana miaka 10 tu, lakini ndiye anayembana Holden barabara. Anamwambia hakuna kitu anachokipenda, na kama kipo akitaje. Holden anahangaika sana kupata jibu, na la kwanza linalotoka ni kwamba anampenda Allie. Phoebe anamkumbusha kuwa Allie amekufa. Najua, anasema Holden, lakini mtu huachi kumpenda mtu kwa sababu amekufa. Kwa kipindi kizima kabla ya hapo wanafunzi wangu huwa wamemwita mvivu, mtoto wa matajiri anayedeka, na siwakatazi. Wakifika kwenye mazungumzo hayo huwarudisha kwenye ile insha ya glavu, waisome upya, kisha huwaambia wamwandikie Holden maoni ya mwalimu pembeni. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba ametoka nje ya mada.

Mwalimu wa sekondari, Mwanza