Kutoka Jeshi la Akiba kwenda Jeshi la Anga, kazi ya kudumu

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuacha Jeshi la Akiba la Marekani ukaingia Jeshi la Anga kwa kazi ya kudumu, mkataba ukiwa haujaisha. Inawezekana, ila usianze kwa kuacha kwenda kikosini! Mpaka uachiliwe rasmi, wikendi za mazoezi hudhuria zote. Ukikosa bila ruhusa unajiharibia rekodi, na rekodi ndiyo wanayoangalia kwanza.

Karatasi yenyewe ni fomu DD 368, ya kuomba kuachiliwa kwa masharti. Anayeianzisha ni afisa uandikishaji wa Jeshi la Anga, halafu inapanda kwa kamanda wako, na wenye mamlaka juu yake wanaweza kukubali au kukataa. Ikirudi imesainiwa, itazame tarehe ya kuisha kibali. Ikipita hujala kiapo kipya, unaanza upya. Weka nakala yako.

Nafasi za waliokwisha kutumikia jeshi ni chache, na cheo kinaweza kushuka. Kwa hiyo kabla ya kusaini, hakikisha kazi na cheo ulivyoahidiwa vimeandikwa ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo usiitegemee, tafadhali.