Nusu mbili za ubongo: maswali yenu

Mwanangu wa darasa la pili ni mashoto, na skuli wanataka aandikie mkono wa kulia. Ubongo wake umegeuka? (Wete)

Haukugeuka. Takriban mtu 1 kati ya 10 ni mashoto, na kama 7 katika kila mashoto 10 lugha yao inakaa nusu ya kushoto, sawasawa na watu wengi wa kulia. Kula kwa kulia ni adabu, mfundisheni, kalamu muachieni. Mkalisheni mwisho wa dawati upande wa kushoto wasigongane viwiko na mwenzake. Daftari liinamishwe, kona ya juu ya kushoto ipande, na penseli aishike kiasi cha sentimita 3 juu ya ncha. Wino utampaka kiganja, kwani mkono wake unapita juu ya alichokwisha kuandika. Chuoni, kwenye Kiarabu, tabu hiyo inawahamia wenziwe.

Mama kapata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Jina langu halimtoki, lakini Fatiha anaisoma yote. Anajifanya? (Makunduchi)

Hajifanyi. Nyuzi nyingi zinazoendesha viungo huvukia upande wa pili kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kwa hiyo ulegevu wa kulia maana yake jeraha liko kushoto, na kwa watu wengi huko ndiko lugha iliko. Daktari Paul Broca alianza kulionyesha hilo Paris mwaka 1861 kwa mgonjwa aliyebakiwa na neno "tan" tu. Yaliyohifadhiwa tangu utotoni, kama sura, dua na kuhesabu, mara nyingi hubaki kwa sababu hayahitaji kutungwa upya. Muulizeni swali moja moja la ndiyo au hapana, kisha subirini. Hata sekunde 10 si nyingi. Msimpigie kelele, hakuwa kiziwi. Na uji msimnyweshe akiwa amelala: mhudumu wa afya apime kwanza anavyomeza, maana ukipotea njia unaingia mapafuni.

Baba naye amelegea kushoto. Anakula wali wa nusu ya sahani, kisha anasema hajashiba. (Chake Chake)

Jeraha lake liko kulia. Macho huenda ni mazima, ila ubongo umeupuuza upande wa kushoto. Wekeni utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa sinia, mwambieni autafute kwa macho kabla ya kila tonge. Barabarani, mtu asimame kushoto kwake.

Mimi ni mtu wa hesabu. Ndiyo kusema natumia zaidi nusu ya kushoto ya ubongo? (Mkoani)

Hapana. Hesabu inatumia nusu zote mbili.

Nusu hizo zimeunganishwa na nini, na kikikatwa? (Mwanakwerekwe)

Na korpasi kalosamu, bapa la nyuzi takriban milioni 200, urefu wa sentimita 10 hivi. Hukatwa kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa, ili kifafa kisienee upande wa pili. Mwanasayansi Roger Sperry, aliyepata Nobel mwaka 1981, aliwapima wagonjwa wa namna hiyo. Mgonjwa anakazia macho nukta ya kati, picha ya kijiko inamulikwa kushoto kwa sehemu ndogo ya sekunde. Anasema hajaona kitu, huku mkono wake wa kushoto ukipapasa nyuma ya pazia na kukitoa kijiko: kinachomulikwa kushoto hufika nusu ya kulia, na hiyo iliyokiona siyo inayosema. Nyumbani tatizo hilo halionekani sana, kwani wakigeuza macho tu, nusu zote mbili hupata picha.