Nilidhani nina hasira, kumbe ni aibu

Mleta mada, unauliza kama mtu mzima anaweza kulipa hela kwenda kuongea tu na mwanasaikolojia, hasira zikapungua. Mimi nilikuwa mbishi kuliko wewe. Wife ndiye aliyenisukuma.

Siku ya kwanza nilitoka nimenuna. Nilitaka yule mama mwanasaikolojia aniambie la kufanya, yeye anauliza tu: "Halafu?" "Ukasikia nini mwilini?" Nikasema hapa nimeliwa.

Akanipa kazi. Nunua daftari, gawa ukurasa mara tatu: kilichotokea, kilichonipitia kichwani, nilichohisi. Njia hiyo ina asili yake kwa daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Aliona wagonjwa wake wa sonona (huzuni nzito isiyoisha) wana mawazo ya kujishusha yanayopita haraka, wenyewe hata hawayashtukii. Basi nikawa naandika kwenye basi la mwendokasi hapa Dar, Gerezani hadi Kimara, nikibahatika siti (mnajua wenyewe).

Wiki ya tatu akaniambia nimsomee. Jumanne: wife kauliza "Mbona umechelewa?", nimebamiza mlango. Ijumaa: mtoto kamwaga chai, nimefoka mpaka jirani kachungulia. Akauliza, mchana wa siku hizo kulikuwa na nini? Nikapekua. Siku zote mbili mzee alipiga simu kutoka kijijini, anataka hela ya dawa, na mimi sina. Kubanana kwenye basi, nilikokusingizia miaka yote, kulikuwepo kila siku, hata siku nilizofika home nacheka.

Pale kwenye "nilichohisi" nilikuwa nimeandika hasira kurasa nzima. Nikakata, nikaandika aibu. Mkono ulitetemeka, sitanii.

Maswali ya utotoni sikuyapenda, na mpaka leo siyapendi. Na kama wewe hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usingoje daftari. Nenda hospitali leo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

Hasira bado zinakuja. Mzee akipiga, nashuka Kimara, nakunywa kahawa kituoni kwanza, ndipo naenda nyumbani na kusema: "Mzee kapiga, sina kitu." Mara ya kwanza nilipolisema hilo, wife aliweka mwiko chini, akanitazama.

"Baba Nanii, kwa hiyo miaka yote hii unagombana na mimi kwa ajili ya hela ya dawa?"