Hiari au utashi?

Swali: Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari mjini Lamu. Nilipokuwa nikieleza majaribio ya ubongo yaliyotia shaka uhuru wa mtu kutenda atakavyo, niliandika ubaoni kwamba "binadamu hana hiari". Mwenzangu wa Kiswahili alinisahihisha: "hana utashi". Nani amepatia? (Mwalimu, Langoni)

Jibu: Mwalimu, mwenzako amekaribia zaidi, ingawa sentensi yake nayo haisimami.

Utashi limetokana na kitenzi taka, kama upishi ulivyotoka katika pika na ucheshi katika cheka. Maana yake ya asili, basi, ni kule kutaka kwenyewe, jambo linalomtukia mtu hata akiwa peke yake. Hiari, ambayo wazee wa Amu, yaani Lamu, bado huitamka khiyari kwa kufuata asili yake ya Kiarabu, daima hukabiliana na shuruti, lazima na nguvu. Methali isemayo "Hiari yashinda utumwa" haina habari na yaliyomo kichwani mwa mtu. Inalinganisha anayetenda kwa kupenda na anayetenda kwa kulazimishwa.

Katika majaribio aliyoyachapisha pamoja na wenzake mwaka 1983, Benjamin Libet wa Marekani aliwataka washiriki wakunje mkono wakati wowote watakapojisikia, huku wakitazama nukta iliyozunguka kama mshale wa saa, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipoanza kuhisi kutaka kuukunja. Hisia hiyo ilitangulia tendo kwa takriban milisekunde 200, lakini wimbi la umeme lililopimwa kichwani lilikuwa limeanza kupanda milisekunde 550 hivi kabla ya tendo. Kilichopimwa ni kutaka, yaani utashi. Na jaribio halikusema kwamba haupo, bali lilionyesha wakati unapojitokeza. Kuhusu hiari, washiriki hawakushurutishwa na mtu.

Ningekushauri uandike: "Shughuli ya ubongo huutangulia utashi tunaouhisi." Jiepushe pia na "ubongo umeshaamua", ambayo naiona mara kwa mara katika makala za sayansi. Kuamua ni kuingia kati ya wagomvi na kutoa hukumu, ndiyo maana mpira una mwamuzi. Ukiupa ubongo kitenzi hicho, umemweka kadhi ndani ya fuvu kabla ya kuthibitisha kwamba yumo. Wala wanasayansi wenyewe hawajakubaliana: mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba wimbi lile laweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya ubongo, yanayopanda na kushuka bila mpango hadi yavuke kiwango fulani, na hapo hapana hukumu yoyote iliyopitishwa mapema.

Hata hivyo, siwezi kulifukuza neno lako kabisa. Libet mwenyewe alishikilia kwamba katika muda mfupi uliobaki baada ya mtu kuhisi kutaka, bado anaweza kulizuia tendo lisitokee. Wafanyabiashara wa Amu waliosoma fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanaijua khiyari ya majlisi: muuzaji na mnunuzi wakiwa hawajaachana, kila mmoja ana haki ya kuyavunja mauzo ambayo tayari yamefungwa. Maana hiyo ya kisheria, ya kutengua jambo lililokwisha kuanza, inalingana na dai la Libet kuliko neno jingine lolote ninalolijua. Ukifika sehemu hiyo ya somo, andika khiyari bila wasiwasi, na mwenzako akiuliza, mweleze habari za mauzo.