Kwa wadogo zangu mnaoanza kurekodi vipindi: mambo niliyojifunza kwa mzee McGee

Karibuni Masasi, karibuni studio. Kabla hamjashika maiki, nataka mumfahamu mzee mmoja ambaye mimi humkumbuka kila ninapofungua mlango huu.

J. Vernon McGee alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1904. Alikuwa mchungaji mjini Los Angeles, na mwaka 1967 akaanza kipindi cha redio cha kuipitia Biblia nzima, safari ambayo baadaye aliipanga iwe ya miaka 5, siku 5 kwa wiki, nusu saa kila siku. Alifariki tarehe 1 Desemba 1988. Kipindi hakikufa. Kanda zake zinarushwa mpaka leo, na mafundisho yake yameandaliwa kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo.

Lafudhi yake ilikuwa nzito, ya Texas tupu, na hakuificha. Hilo lilinifungua mimi mtoto wa Newala, niliyekuwa nikijibana koo nisikike kama mtangazaji wa Dar. Kwetu tunasema “ntu”, tunasema “Ntwara”. Maandiko yasomeni kama yalivyochapwa, herufi kwa herufi, lakini mkianza kuyaeleza, ongeeni kama mnavyoongea na shangazi zenu. Wanaowasikiliza ndio hao.

Yeye kipindi chake alikiita basi, na wasikilizaji ni abiria. Sisi wa huku tunalijua basi: likitoka Mtwara linasimama Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda, ndipo Masasi. Mimi miaka ya mwanzo niliruka kituo. Niliona mkulima anayepalilia mikorosho hana haja na dhabihu na sheria za ukoma, nikaliacha Mambo ya Walawi lote. Mama mmoja wa Ndanda akanipigia simu. “Mwanangu, baada ya Kutoka umeturukisha mpaka Hesabu. Mimi nipo kituoni nasubiri.” Nilirudi nyuma nikarekodi sura zote 27. Sikuwa na haki ya kumchagulia.

Jambo la mwisho linaniuma bado. Katekista wetu mmoja, sasa ni marehemu, alifundisha Zaburi kwenye maiki hii kwa majuma mengi. Baada ya arobaini yake, mjane alikuja kuomba asikie sauti ya mumewe. Kwenye kompyuta nilikuwa na mafaili yaliyoitwa “mpya”, “mpya2”, “mwisho kabisa”. Nilisikiliza siku 3. Mengine nilikuwa nimeshayafuta ili nipate nafasi. Nikaambulia dakika 4, Zaburi ya 121, na katikati mvua inapiga bati.

McGee tunamsikia kwa sababu kuna watu walizitunza kanda zake zikiwa na mpangilio. Kwa hiyo msiondoke jioni kabla faili halijaandikwa kitabu, sura, tarehe na jina la msemaji. Nakala ziwe mbili, na moja isilale jengo hili. Radi za masika tunazijua. Kazi hii inachosha kuliko kuhubiri, na hakuna atakayewapongeza kwa kuifanya.

Zile dakika 4 nilimwekea yule mjane kwenye memori kadi. Huzisikiliza kwenye simu ya kitochi akibangua korosho, na mvua ile hataki niiondoe.